Mashine ikizidishwa nguvu ikafa, nani abebe gharama?

WAHENGA walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Msemo huo unamkumbusha kila anayenunua chombo kwamba nyuma ya chombo upo mkono wa aliyekiunda, na kwamba aliyekiunda alikipimia kazi yake. Lakini katika soko la leo la mashine ndogo ndogo, kuanzia Same mjini hadi Hedaru na Gonja Maore, kati ya muundaji na mkulima wamejipanga watu wengi: mwagizaji, mwenye duka, dalali na fundi. Kila mmoja ana la kusema kuhusu uwezo wa mashine siku ya kuuza, na kila mmoja hunyamaza siku mashine inapokufa.

Swali la kujiuliza ni hili. Mashine inaposukumwa kupita kipimo chake ili itoe kazi zaidi, kisha ikaungua au kuvunjika, je, mtengenezaji awajibike? Jibu la haraka linalotolewa madukani ni hapana, kwa madai kwamba mnunuzi amejitakia. Jibu hilo lina ukweli nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba mara nyingi huo uwezo wa ziada ndio uliotumika kuiuza mashine yenyewe. Na uwezo uliotangazwa ili mtu atoe fedha mfukoni si zawadi tena, bali ni ahadi. Anayeahidi sharti abebe sehemu ya mzigo ahadi inapovunjika.

Jambo hili si dogo kwa wilaya kama Same. Mkulima wa mpunga wa Ndungu na Kihurio, wa tangawizi wa Mamba Miamba, wa mboga kandokando ya mto Pangani, na mfanyabiashara wa kusaga na kukoboa, wote wanategemea injini moja, pampu moja au pikipiki moja. Tajiri mashine yake ikifa ananunua nyingine. Mwenye mtaji mdogo ikifa yake katikati ya msimu, amekwama yeye pamoja na familia yake, na kama alikopa basi na deni linabaki palepale.

Puli kubwa, hesabu kubwa

Kuzidisha nguvu za mashine ni mchezo unaojulikana na mafundi wengi. Chukua mfano wa mashine ya kusaga ya nyundo inayoendeshwa na injini ya dizeli kwa mkanda. Injini inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Puli ya injini ina kipenyo cha inchi 10, na ya kinu inchi 5. Hivyo kinu kinazunguka mara 3,000 kwa dakika. Foleni ya wateja ikiwa ndefu, mwenye mashine anamwita fundi, naye anatoa puli ya inchi 10 na kufunga ya inchi 12. Kinu sasa kinazunguka mara 3,600. Unga unatoka haraka, wateja wanafurahi, na fundi anasifiwa.

Kilichoongezeka kwa macho ni kasi, na imeongezeka kwa asilimia 20. Lakini nguvu inayovuta nyundo kutoka kwenye pini zake haiongezeki kwa asilimia 20. Inakua kwa kasi mara kasi, yaani imepanda kwa asilimia 44. Pini, ekseli na beringi zilizopimiwa kazi ya awali sasa zinabeba karibu mara moja na nusu. Beringi zinachemka, grisi inayeyuka, na siku moja nyundo inachomoka na kutoboa bati la kinu. Aliyesimama karibu akinusurika, ni kwa bahati.

Kwa pampu za maji hesabu ni kali zaidi. Pampu ya aina ya feni ikizidishiwa mzunguko kwa asilimia 20, nguvu inayodaiwa kutoka kwenye injini inapanda kwa takriban asilimia 73. Ndiyo maana injini ndogo iliyolegezewa gavana ili izunguke zaidi hunywa mafuta kama mlevi, kisha hufa mapema. Mkulima anadhani ameuziwa injini mbovu. Inawezekana ni kweli, lakini inawezekana pia injini ilikuwa nzima na iliuawa.

Mpaka hapo lawama inaonekana kumwelekea mnunuzi na fundi wake. Hata hivyo, kabla ya kuhukumu ni vizuri kuuliza kwa nini mwenye mashine aliona haja ya kuongeza kasi. Mara nyingi ni kwa sababu dukani aliambiwa mashine itasaga magunia fulani kwa saa, na ilipofika kijijini ikasaga pungufu. Hakuwa akitafuta makubwa. Alikuwa akijaribu kuufikia uwezo aliokwisha kuulipia.

Bamba lina namba mbili

Hapa ndipo mkulima anapoumizwa bila kujua. Injini nyingi za dizeli za silinda moja zinazotoka China zina bamba lenye namba mbili za nguvu. Ya kwanza ni nguvu ambayo injini inaweza kuitoa kwa saa 12 mfululizo. Ya pili ni ile ambayo inaweza kuitoa kwa saa 1 tu, kisha ipumzishwe. Nguvu ya saa 1 huzidi ile ya saa 12 kwa takriban asilimia 10. Zote mbili ni za kweli. Tatizo ni kwamba kwenye tangazo na mdomoni mwa muuzaji hutajwa ile kubwa, ilhali kazi ya kusaga au kumwagilia ni ya kutwa nzima.

Tena kuna suala la mwinuko. Injini hupimwa kiwandani katika hali ya hewa iliyo karibu na ile ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda mlima hewa inapungua, na injini isiyo na taboyo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Mji wa Same wenyewe uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Pare Kusini inapanda hadi takriban mita 2,460 katika kilele cha Shengena. Injini iliyoandikwa nguvu za farasi 20 kwa saa 1 ina kama 18 kwa kazi ya kutwa. Ikipelekwa kwenye kijiji kilicho mita 1,500, inabaki na kama 15. Mnunuzi amelipia 20 na amepata 15, na hakuna aliyesema uongo kwa maandishi.

Pampu za petroli nazo zina hadithi yake. Kwenye boksi la pampu ya inchi 3 huandikwa kwamba inapandisha maji hadi mita 30, na kwamba inatoa lita 1,000 kwa dakika. Anayesoma anaelewa kwamba itatoa lita 1,000 kwa dakika juu ya kilima cha mita 30. Sivyo. Lita 1,000 ni pale pampu inapotoa maji bila kuyapandisha, na mita 30 ni pale maji yanapofika juu yakasimama bila kutoka tone. Kati ya ncha hizo mbili ndipo mkulima anapofanyia kazi, na mstari huo wa kati hauandikwi kwenye boksi. Akisukuma mafuta hadi mwisho ili apate maji aliyoahidiwa, anaambiwa ameizidisha pampu.

Kwa maneno mengine, ipo mashine inayozidishwa na tamaa, na ipo inayozidishwa na tangazo. Kesi hizi mbili si moja, na hazistahili hukumu moja.

Somo kutoka kwenye kompyuta

Mgogoro wa namna hii umewahi kutokea hata kwa makampuni makubwa duniani, na una mafunzo kwa mwenye kinu cha Makanya sawa na kwa mwenye duka la steshenari la Same mjini. Ndani ya kompyuta kuna ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, na juu yake hupachikwa chipu inayofanya hesabu zote, yaani prosesa. Chipu hutengenezwa na kampuni moja na madabodi na nyingine. Kwa miaka mingi watengeneza madabodi wamekuwa wakishindana kwa kutangaza kwamba bidhaa zao zinaweza kuiendesha chipu na kumbukumbu ya kompyuta kwa kasi kuliko kipimo cha kawaida. Mnunuzi habadilishi puli. Anabonyeza tu chaguo lililowekwa tayari na kiwanda.

Mwaka 2023, baadhi ya chipu za kampuni ya AMD za jamii ya Ryzen 7000 ziliungua zikiwa kwenye madabodi, na baadhi ya madabodi nayo yakaharibika. Ilibainika kwamba mipangilio ya kuongeza kasi ya kumbukumbu ilikuwa ikipeleka umeme mwingi kupita kiasi kwenye sehemu mojawapo ya chipu, na AMD ikaweka ukomo wa volti 1.3 kwa sehemu hiyo. Kampuni ya ASUS, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa madabodi, ilitoa programu ya marekebisho ikiwa na tahadhari kwamba kuitumia kungeweza kumwondolea mteja waranti. Kelele zilikuwa kubwa. Mwezi Mei mwaka huohuo kampuni hiyo ikatangaza kwamba waranti yake inahusu programu hiyo ya marekebisho, na inahusu pia mipangilio ya kuongeza kasi ya kumbukumbu ambayo bidhaa zake zinaisaidia.

Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Intel. Chipu zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilianza kuyumba na kuzima programu ovyo. Mwanzoni vidole vilielekezwa kwa watengeneza madabodi, kwamba waliondoa mipaka ya usalama ili bidhaa zao zionekane na kasi. Lilikuwapo jambo la kweli katika lawama hiyo. Lakini Julai 2024 Intel yenyewe ilieleza kwamba maelekezo yaliyomo ndani ya chipu zake yalikuwa yakiomba volti kubwa kuliko inavyostahili. Mwezi Agosti ikaongeza waranti ya chipu zilizohusika kwa miaka 2, kutoka miaka 3 hadi 5.

Mafunzo hapa ni mawili. Kwanza, kampuni iliyoweka kitufe cha kuongeza kasi na kukitangaza haikuweza kusimama mbele ya wateja na kusema kukibonyeza ni kosa lao. Pili, watengenezaji wawili wanapotupiana mpira, mteja asiye na vipimo hawezi kujua nani amesema kweli. Ukweli ulipatikana kwa sababu walikuwapo wapimaji huru na wateja wengi waliopiga kelele kwa pamoja. Mkulima mmoja mwenye pampu moja iliyoungua hana wapimaji wala sauti ya namna hiyo.

Pawatila na ardhi ngumu

Hapa nchini liko tukio la karibu zaidi. Baada ya azma ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, trekta ndogo za mkono, maarufu kama pawatila, zilisambazwa kwa wingi katika halmashauri. Haukupita muda malalamiko yakaanza kusikika, vijijini na bungeni, kwamba hazina nguvu za kulima ardhi ngumu. Wapo waliosema ni mashine mbovu. Wapo waliosema wakulima hawajui kuzitumia.

Ukweli ni kwamba pawatila imelelewa katika majaruba ya mpunga ya Asia. Katika shamba lenye maji, kama majaruba ya skimu ya Ndungu, inavuruga tope na kufanya kazi yake vizuri. Ukiichukua hiyohiyo ukaipeleka tambarare kavu za upande wa Makanya na Hedaru, ambako udongo hukauka ukawa kama tofali, inaruka juu ya ardhi, inakata mikanda na kumchosha anayeishika. Huko haikuzidishwa na mtu aliyebadilisha puli, bali na aliyeipeleka mahali ambapo kazi ya kawaida ni kubwa kuliko kipimo chake.

Je, mtengenezaji wa ng'ambo awajibike kwa hilo? Kama kitabu chake kilisema wazi kwamba ni mashine ya ardhi laini, hapana. Hapo wa kuulizwa ni aliyeiagiza na kuisambaza pasipo kuuliza udongo. Lakini kama iliuzwa kwa maneno kwamba inalima popote, basi aliyesema hivyo, awe kiwanda au wakala, ana deni.

Upande wa pili wa shilingi

Haki inataka watengenezaji nao wasikilizwe. Hoja yao ya kwanza ni kwamba hakuna kiwanda kinachoweza kumlinda mtu dhidi ya nafsi yake. Mchukuzi anayepakia magunia mawili ya tangawizi ya kilo 100 kila moja kwenye pikipiki ya sisi 125, akateremka nayo kona za Mamba Miamba, ana mzigo wa zaidi ya kilo 260 ukijumlisha na uzito wake. Vitabu vya pikipiki za kiasi hicho kwa kawaida hutaja mzigo wa karibu kilo 150, dereva akiwamo. Fremu ikikatika, kumlaumu aliyeiunda ni kumwonea.

Hoja ya pili ni ya bei. Kiwanda kikilazimishwa kulipa kila injini iliyolegezewa gavana, kitapandisha bei ya injini zote, na anayetunza mashine yake vizuri ndiye atakayewalipia wanaoziua. Kwa wakulima wadogo hilo ni tishio la kweli. Mashine zikiwa ghali, wengi watarudi kwenye jembe la mkono.

Hoja ya tatu inahusu karakana za hapahapa nchini zinazounda vinu, mashine za kupukuchua na matela. Karakana nyingi ni za watu wachache wenye mashine ya kuchomelea na moyo wa kujituma. Zikibebeshwa mzigo uleule wa kisheria wa kiwanda kikubwa cha ng'ambo, zitafungwa, na mkulima atakosa fundi aliye karibu.

Hoja hizi ni nzito, lakini hazifuti wajibu. Zinaonyesha tu wapi mstari uchorwe. Anayebadilisha mashine abebe alichobadilisha. Anayeipakia kupita kipimo anachokijua abebe alichopakia. Mtengenezaji na muuzaji wabebe kile walichokiandika, walichokitangaza na walichokiacha mashine ikifanye yenyewe. Kwa karakana ndogo, wajibu huo si ghali hata kidogo: ni kupiga muhuri kwenye bati mzunguko wa mwisho unaoruhusiwa na ukubwa wa puli inayofaa. Kazi hiyo inamalizwa kwa nyundo na herufi za chuma.

Sheria inasemaje

Mkulima asidhani kwamba hana pa kushika. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitaka bidhaa, akaonyesha kwamba anategemea ujuzi wa muuzaji huyo ambaye ndiyo biashara yake, basi ndani ya mauzo hayo limo sharti kwamba bidhaa iifae kazi hiyo, hata kama halikutamkwa. Vilevile bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo yake.

Lakini sheria hiyo ina mtego unaowanasa wengi. Mnunuzi anayeingia dukani na kuomba mashine ya jina fulani la biashara, bila kusema anakwenda kuifanyia nini, hawezi kutegemea sharti la kuifaa kazi. Amechagua mwenyewe. Kwa hiyo kuna tofauti kubwa kisheria kati ya kusema "nipe pampu ya kampuni fulani" na kusema "nataka pampu ya kupandisha maji mita 15 kutoka mtoni hadi ekari mbili za nyanya, nipe itakayoweza". Kauli ya kwanza inambebesha mnunuzi mzigo. Ya pili inamgawia muuzaji.

Pamoja na hiyo ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, ambayo inakataza mwenendo wa kibiashara wa kupotosha. Lipo Shirika la Viwango Tanzania, na kwa zana za kilimo kipo CAMARTEC cha Arusha, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981, ambacho kazi zake ni pamoja na kuzifanyia majaribio zana hizo. Vyombo vipo. Kinachokosekana ni ushahidi, kwa sababu mauzo mengi hufanyika kwa mdomo na risiti huandikwa neno moja tu: "pampu" au "injini".

Kwenye gunia taifa lilikwisha kukubali kwamba kipimo ni suala la sheria. Lumbesa imepigwa marufuku, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Mkulima wa Same ana haki ya kumlalamikia mnunuzi anayemlazimisha kujaza gunia hadi lishonewe kofia. Ni vigumu kuona kwa nini kipimo cha gunia kilindwe, halafu kipimo cha mashine inayobeba maisha ya mkulima kiachwe kwa maneno ya dukani.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza iko mikononi mwa mnunuzi, nayo haihitaji kusubiri serikali. Kabla ya kulipa, aeleze kazi, mahali na saa za kazi kwa siku, na amtake muuzaji aandike hayo kwenye risiti. Mstari kama "injini ya kusaga saa 8 kwa siku, kijijini Vudee" unatosha. Muuzaji mkweli hatakataa. Anayekataa kuandika alichokisema kwa mdomo amekwisha kujibu swali. Mnunuzi asome bamba na aulize nguvu ya kazi ya kutwa, si ya saa moja, kisha atoe punguzo la mlima.

Ya pili ni ya mafundi. Fundi anayebadilisha puli au kugusa gavana aandike alichofanya, tarehe na jina lake, na karatasi ibaki kwa mwenye mashine. Fundi hodari hapotezi chochote kwa hilo. Fundi wa kubahatisha ndiye atakayeogopa, na afadhali aogope yeye kuliko mwenye mali.

Ya tatu ni ya vyama vya ushirika na vikundi. Kikundi kinachonunua mashine tano kina sauti kuliko mtu mmoja. Kidai majaribio shambani kabla ya malipo ya mwisho, katika udongo wa hapohapo na mwinuko wa hapohapo. Wapare hawahitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Ndiva, yale mabwawa ya asili yanayokusanya maji ya vijito usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu, yameendeshwa kwa vizazi kwa sababu kipimo chake kilijulikana na kila mwenye shamba. Maji hayakutosha kwa sababu mtu amesema yatatosha. Zamu zilipangwa kwa kadiri ya maji yaliyoonekana.

Ya nne ni ya mamlaka. Ipo haja ya kuweka sharti kwamba kila injini, pampu na kinu kinachouzwa kwa matumizi ya kilimo kiwe na bamba la Kiswahili linaloonyesha uwezo wa kazi ya kutwa kwanza, na ule wa juu baadaye kwa herufi ndogo. Kwa pampu, iandikwe lita kwa mita 10, kwa mita 20 na kwa mita 25. Anayetaka kutangaza uwezo wa ziada aruhusiwe, mradi waranti yake iufunike uwezo huohuo. Kampuni isiyotaka kulipia kasi fulani isiitangaze.

Sharti hilo halitaongeza bei kwa namna ya kutisha. Namba hizo watengenezaji wanazo tayari, kwani bila hizo wasingeweza kuunda mashine. Zimekaa kwenye vitabu vya Kiingereza na Kichina ambavyo havifiki Hedaru. Kuzihamishia kwenye bamba kutamwezesha mkulima kununua mashine iliyo kubwa kidogo kuliko kazi yake, badala ya ndogo inayolazimika kuteswa. Na siku atakapoizidisha makusudi akijua, ikafa, hatakuwa na wa kumdai. Kwa leo, wengi wanaoambiwa wamejitakia hawakuwahi kuonyeshwa mpaka walioambiwa wameuvuka.